Watu wa Ziwa Toba: Wabatak walitoka wapi, na nani alifika wa kwanza?

(Mazungumzo ya redio, yamechapwa kwa ajili ya wale wasioweza kusikiliza)

   

Leo nitawapeleka mbali, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Sababu ni hii. Kila mara tunapozungumza juu ya mashamba na juu ya kurudi nyumbani, kuna mtu anayesimama na kuuliza: "Lakini hawa walitoka wapi? Nani alifika wa kwanza?" Kwetu swali hili lina uzito. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilitaka mtu awe wa uzao wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi yetu tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya mwaka 2004 iliacha tarehe hiyo ikachukua wakati wa uhuru, mwaka 1960, lakini midomoni mwa watu swali lingali lile lile. Ni vigumu kulizungumza kwa utulivu, maana damu imemwagika, na kila kabila linapotajwa kuna mtu anayekaza uso. Basi nimechagua watu ambao hakuna hata mmoja wetu anayegombana nao. Wanaitwa Wabatak, na wanakaa kisiwani Sumatra, katika nchi ya Indonesia.

Ninyi wa Kivu hamtapata shida kuiona nchi yao kwa macho ya moyo. Ni nchi ya milima na volkano. Katikati yake liko ziwa kubwa, Ziwa Toba, lenye urefu wa kilomita 100 hivi, na ndani ya ziwa kuna kisiwa kikubwa kinachoitwa Samosir, kama vile Idjwi ilivyo katika Ziwa Kivu. Ziwa hilo ni shimo lililoachwa na volkano iliyolipuka miaka 74,000 hivi iliyopita, moja ya milipuko mikubwa kuliko yote ambayo wachunguzi wamepata kuipima. Kuzunguka ziwa na kushuka kusini na kaskazini kuna makundi sita ambayo kwa kawaida huwekwa chini ya jina la Batak: Toba, Karo, Simalungun, Pakpak, Angkola na Mandailing. Lugha zao zina undugu, lakini msidhani ni lugha moja. Mtu wa Karo na mtu wa Toba, kila mmoja akisema lugha ya mama yake, hawasikilizani.

Ukimwuliza mzee wa Toba walikotoka, atakuonyesha mlima. Unaitwa Pusuk Buhit, upande wa magharibi wa ziwa, na kimo chake ni karibu mita 2,000. Husimulia kwamba hapo mwanzo Mungu mkuu, Mulajadi na Bolon, alikaa juu, na chini yote ilikuwa maji. Binti mmoja wa mbinguni, Si Boru Deak Parujar, alishuka akaitengeneza nchi juu ya kichwa cha nyoka mkubwa, Naga Padoha. Nyoka akijitikisa, nchi hutetemeka. Na kule matetemeko ni mengi. Katika uzao wa binti huyo alitokea Si Raja Batak, aliyekaa chini ya mlima ule katika kijiji cha Sianjur Mulamula. Alizaa wana wawili, Guru Tatea Bulan na Raja Isumbaon, na kutoka kwao zilitoka koo zote.

Ukoo wao huitwa marga, na mtoto huupata kwa baba. Orodha ya vizazi huitwa tarombo. Mtoaji wa tarombo aweza kutaja mababu mmoja mmoja kutoka kwake mwenyewe hadi kwa Si Raja Batak. Watu wawili wasiojuana wakikutana, hata leo ndani ya basi mjini Medan au Jakarta, huulizana kwanza marga. Kisha huhesabu. Baada ya dakika chache kijana wa miaka ishirini huenda akagundua kwamba mzee mwenye mvi aliye mbele yake anapaswa kumwita yeye "baba mdogo". Hucheka wote wawili, lakini heshima hufuata hesabu.

Tuhesabu na sisi kidogo. Wengi wakishuka katika tarombo hadi Si Raja Batak hupata vizazi ishirini na kitu. Kizazi kimoja tukikipa miaka ishirini na mitano, inatoka miaka mia tano au mia sita. Je, kabla ya hapo milima ile ilikuwa tupu? Haikuwa tupu. Wachunguzi wamechimba matope ya mabwawa ya nyanda zile za juu, wakatazama vumbi la maua lililolala humo, na wakaona dalili kwamba watu walikuwa wakifyeka msitu maelfu ya miaka kabla ya babu yeyote anayetajwa katika tarombo. Majina yao hakuna anayeyajua.

Lugha nazo zina ushuhuda wake. Lugha za Wabatak ni za jamaa kubwa inayoitwa Kiaustronesia. Wataalamu wanafuata nyayo zake nyuma hadi kisiwa cha Taiwan, karibu na China. Kutoka huko watu wa mitumbwi walishuka kisiwa kwa kisiwa, vizazi kwa vizazi, na tawi moja likafika Sumatra. Tawi jingine lilivuka bahari yote likafika pwani ya Afrika: Wamalagasi wa Madagaska wanasema lugha ya jamaa hiyo hiyo, iliyo karibu sana na lugha moja ya kisiwa cha Borneo. Kwa hiyo Mbatak na Mmalagasi ni ndugu wa mbali kwa lugha, ingawa hawakuonana tena.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya kitu kimoja ambacho ninyi nyote mmekisikia: kafuri. Waislamu wetu huitumia katika kuosha maiti, na kuna nyumba zinazoiweka ndani ya sanduku la nguo kufukuza wadudu. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, nao Waarabu, kama wachunguzi wengi wanavyoona, walilipata kwa njia ya biashara kutoka visiwa vile, ambako Wamalay husema kapur. Na mpaka leo mtu wa Indonesia akienda dukani kununua kafuri, huomba kapur barus, yaani kafuri ya Barus.

Barus ni bandari ndogo upande wa magharibi wa Sumatra, chini ya milima ya Wabatak. Kafuri yenyewe haikutoka Barus. Ilitoka msituni, ndani ya shina la mti mkubwa mrefu. Ilibidi kuangusha mti na kuupasua ndipo uone kama ndani mna chembe nyeupe. Na miti mingi ilikatwa bure. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa bara, waliojua msitu. Vile vile walikata magamba ya mti mwingine ili utoe utomvu wenye harufu nzuri, namna ya ubani, na kazi hiyo ya ubani wajukuu wao wanaifanya hata sasa. Wenye majahazi walingoja pwani. Watu wa mlimani walishuka na kafuri na ubani, wakapanda na chumvi, nguo na chuma.

Mahali panapoitwa Lobu Tua, karibu na Barus, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mji wa biashara ulioishi tangu karne ya 9 hadi mwisho wa karne ya 11, wenye vyombo vilivyotoka China, India na nchi za Waajemi na Waarabu. Hapo liliokotwa jiwe lenye maandishi ya Kitamil, lugha ya India ya kusini. Tarehe yake ni mwaka 1088. Liliandikwa na chama cha wafanyabiashara wa Kitamil, na linaeleza malipo ya dhahabu ambayo nahodha na watu wa chombo walipaswa kutoa. Miaka mia mbili baadaye, Marco Polo, Mwitalia aliyekaa miezi mitano kaskazini ya Sumatra akingoja upepo mwaka 1292 hivi, aliandika kwamba kafuri ya nchi hiyo ilinunuliwa kwa dhahabu ya uzito ule ule.

Linganisheni basi tarehe hizo na hesabu yetu ya vizazi. Jiwe la mwaka 1088 ni la kale kuliko Si Raja Batak kwa miaka mia tatu au zaidi. Walioikata kafuri wakati huo walikuwa watu wa milima ile ile, na hawamo katika tarombo. Au tuseme hivi: wamo, lakini kwa majina ya wengine.

Na Watamil walikwenda wapi mji wa Lobu Tua ulipoachwa? Wengine walirudi kwao. Wengine, inaonekana, walipanda mlima. Kwa Wakaro kuna koo kubwa tano, na mmoja unaitwa Sembiring. Matawi yake yana majina kama Colia, Pandia, Pelawi, Meliala na Brahmana. Aliyesoma historia ya India huyatambua mara moja: Wachola, Wapandya na Wapallava walikuwa falme za Watamil, na Brahmana ni jina la makuhani wa Kihindu. Zamani baadhi ya watu wa Sembiring walichoma maiti na kuyapeleka majivu mtoni, jambo ambalo majirani zao hawakulifanya. Leo hakuna mtu wa Karo anayemwambia Sembiring, "Wewe ni Mhindi, rudi kwenu." Ni moja ya zile koo tano, na bila hiyo hesabu ya Karo haitimii.

Maandishi nayo yalitoka upande huo. Waganga na makuhani wao, wanaoitwa datu, waliandika juu ya magamba ya mti yaliyokunjwa kama kitabu, kwa herufi ambazo asili yake ni India. Kusini, katika Padang Lawas, yangaliko mabaki ya mahekalu ya matofali ya karne ya 11 hadi ya 14.

Turudi Barus, maana hapo kuna jambo ambalo mimi, niliyesomea sheria, lilinishangaza kuliko yote. Barus ilikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, mmoja wa juu ya mto na mmoja wa chini ya mto. Kila nyumba ilikuwa na kitabu chake cha asili. Kitabu cha nyumba ya chini chaanza na mtoto wa mfalme aliyetoka Tarusan, kwa watu wa Minangkabau upande wa kusini. Kitabu cha nyumba ya juu chaanza milimani, kwa Wabatak wa Toba. Kila kimoja chatoa haki kwa nyumba yake, na ukisoma kimoja tu utaapa kwamba umejua kweli yote. Hata hivyo kitabu cha chini chasema kwamba yule mgeni wa Tarusan, katika safari yake, alipita milimani Bakkara akazaa mtoto na mwanamke wa huko, na mtoto huyo akawa wa kwanza katika nyumba ya Singamangaraja, makuhani-wafalme wa Toba. Yaani mwenye kudai haki ya kigeni alijitafutia undugu na watu wa mlima. Wafalme wale wawili waligombana mara nyingi, wakapatana mara nyingi. Wala nyumba moja haikuweza kuifuta nyingine, kwa sababu mmoja alishika njia ya msituni na mwingine mlango wa bahari.

Na jina lenyewe, Batak? Kwa muda mrefu lilikuwa zaidi jina la kuitwa kuliko jina la kujiita. Watu wa pwani, waliokuwa Waislamu, walilitumia kwa watu wa bara wasio Waislamu. Mtu wa bara mwenyewe angekuambia marga yake au bonde lake. Wasafiri wa Ulaya waliliandika tangu karne ya 15, na mara nyingi pamoja na habari ya kula watu. Habari hiyo ilikuwa na msingi fulani katika adhabu na vita, lakini ilikuzwa sana: watu wa pwani waliikuza ili wageni wasiende kununua kafuri moja kwa moja, na watu wa bara hawakuikana, kwa kuwa iliwalinda. Mwingereza William Marsden, katika kitabu chake cha mwaka 1783, alistaajabu kwamba hao hao wanaosemwa kuwa wala watu walijua kusoma na kuandika. Ziwa Toba lenyewe halikuonwa na Mzungu hadi mwaka 1853.

Wazee wa vijiji wataniuliza: na mgeni alipataje shamba? Hapa Wabatak wa Toba wana fundisho wanaloliita dalihan na tolu, yaani mafiga matatu. Kila mmoja wetu hapa amepika juu ya mafiga, hata katika kambi; mnajua kwamba mawe mawili hayashiki chungu. Jiwe la kwanza ni ndugu wa ukoo wako. La pili ni hula-hula, wale waliowapa ninyi wake. La tatu ni boru, wale waliooa binti zenu. Hula-hula huheshimiwa kama chanzo cha baraka. Boru hubembelezwa kwa upole. Na pamoja na ndugu wa ukoo, ujihadhari sana, maana hao ndio mnaogombania urithi! Mtu mmoja huyo huyo ni hula-hula hapa na boru pale, hivyo hakuna aliye mkubwa kila mahali.

Ukoo uliofungua kijiji ndio uliokuwa na neno la mwisho juu ya ardhi. Mholanzi mmoja, Vergouwen, aliyechapisha kitabu kikubwa juu ya sheria za Watoba mwaka 1933, alieleza jinsi karibu kila mahali, kando ya ukoo wenye nchi, palikuwa na koo za waliokuja baadaye. Waliingia hasa kwa mlango wa ndoa. Mgeni aliyeoa binti wa pale aliweza kukaa kwa mkwewe, na baba aliweza kumpa binti yake shamba la mpunga, ambalo likawa la nyumba hiyo mpya. Kuanzia hapo hakuitwa mgeni. Aliitwa boru, na jina hilo lilikuwa na haki na kazi zake, katika karamu, katika mazishi na katika baraza. Uzao wake ukiongezeka uliweza kuomba ruhusa ya kufungua kijiji chake. Palikuwa pia na umoja ulioitwa bius, ambamo koo mbalimbali za bonde moja zilichinja nyati pamoja na kushughulikia maji ya mashamba pamoja. Tena palikuwa na masoko yenye sheria: siku ya soko hata waliokuwa vitani waliruhusiwa kupita, na aliyeanza ugomvi sokoni aliadhibiwa.

Sitaki mdhani ilikuwa paradiso. Vijiji vilizungushiwa kuta za udongo na mianzi kwa sababu ya vita visivyokwisha. Walikuwako watumwa, wa vita na wa madeni. Na binti hakurithi: alichopata kilikuwa zawadi ya baba akipenda. Mwaka 1961 ndipo Mahakama Kuu ya Indonesia, katika shauri lililotoka kwa Wakaro, iliamua kwamba binti hurithi pamoja na kaka zake. Akina mama mnaonisikiliza, naona mnatikisa kichwa.

Karne ya 19 ilivunja mengi. Katika miaka ya 1810 na 1820 majeshi ya Wapadri, Waislamu wa Minangkabau waliotaka kusafisha dini kwa upanga, yaliingia nchi ya kusini hadi Toba. Wengi waliuawa na wengine wakakimbia. Wamandailing wakawa Waislamu. Baada ya hapo walikuja Waholanzi, na wamisionari Wajerumani. Ludwig Nommensen alifika Sumatra mwaka 1862, na miaka miwili baadaye alikuwa katika bonde la Silindung. Waliomfuata walifukuzwa na ndugu zao, wakapoteza mashamba na nafasi yao katika karamu za ukoo. Akawajengea kijiji chao wakimbizi hao, kikaitwa Huta Dame. Huta ni kijiji, dame ni amani. Lakini mwaka 1878 wamisionari hao hao waliomba askari wa Kiholanzi waje kuwalinda dhidi ya Singamangaraja wa 12, na vita hivyo havikuisha mpaka alipouawa mwaka 1907.

Serikali ya kikoloni ilihitaji orodha. Ikachora mipaka, ikahesabu watu kwa kabila, ikawapa wote jina moja. Wenyewe nao wakaanza kuandika tarombo zao vitabuni. Kitabu kinachojulikana kuliko vyote, cha W. M. Hutagalung, kilitoka mwaka 1926. Tarombo iliyokuwa mdomoni iliweza kunyoshwa kidogo ili kumkaribisha mtu. Iliyochapwa ilikuwa ngumu. Na ndani ya kitabu kile Wakaro, Wasimalungun na wengine walijikuta wamefanywa wajukuu wa babu wa Toba, jambo ambalo wengi wao hawajalikubali hata leo.

Miaka hiyo hiyo ya 1920, mjini Medan, yalitokea magomvi juu ya makaburi ya Waislamu ya Sungai Mati. Wamandailing wa mjini walisema makaburi ni yao, na kwamba anayejiita Mbatak hana mahali pake pale, hata akiwa Mwislamu. Upande wa pili walikuwako watu wa Angkola na Sipirok, majirani zao wa nyumbani, wa desturi karibu zile zile, walioswali pamoja nao, lakini hawakutaka kulikana jina la Batak. Shauri lilienda mbele ya waamuzi. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 iliwaweka tena pamoja, Wamandailing, Waangkola na wengine wote, watu milioni 8 na nusu hivi chini ya jina la Batak, na wako Wamandailing waliolalamika.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo tutarudi nyumbani, na tutazungumza juu ya karatasi za shamba: ipi ina nguvu mbele ya hakimu na ipi haina. Mwenye karatasi ya namna yoyote aiweke tayari. Kwaherini, na usiku mwema.